Hesabu Amekosa Nini?

Juzi mtu wa ukweni alifariki hapa Mbale, nikatumwa dukani kununua sanda na vifaa vyake. Mwenye duka, kijana mdogo, akafungua kopo la kafuri anipimie. Harufu ile iliponifikia nikakaa juu ya gunia la mchele bila hata kuomba ruhusa. Kijana wa watu akanipa pole ya msiba, nami nikaipokea, ingawa marehemu nilikuwa nikimjua kwa salamu tu. Kwa wengine kafuri ni harufu ya maiti. Kwetu Jinja ilikuwa harufu ya watoto waliochapwa. Mama aliisaga, akaichanganya na mafuta ya simsim, akatuchua migongo na mapaja huku akitunong'oneza kwa Kinubi tunyamaze, tusimwamshe Baba.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande huu wa mashariki hamtashangaa. Sisi tulipigwa, jamani. Tulipigwa shuleni, tukapigwa madrasa, tukapigwa na jirani aliyetukuta kwenye miwa yake, na ukirudi nyumbani kusema umepigwa unapigwa tena kwa sababu umepigwa. Tukikutana harusini tunasimuliana na kucheka mpaka machozi, fulani alivyojaza madaftari kwenye suruali, fulani alivyojisaidia mbele ya darasa. Mimi siku hizi sicheki. Nimechoka kuchekea vitu ambavyo havikuwa vichekesho.

Baba yangu alikuwa mchinjaji kwenye machinjio ya mjini. Alikuwa mtu mkubwa, mikono imejaa, kucha safi kila wakati kwa sababu alizisugua kwa sabuni na mchanga. Siku moja nilimpelekea chakula kazini nikamwona akimlaza fahali. Alimsemesha pole pole, akampapasa shingo, akaficha kisu nyuma ya mguu ili mnyama asikione, akasoma Bismillahi, na mara ikawa imekwisha. Nilisimama pale na sufuria yangu, wivu ukanijaa. Wallahi nilimwonea wivu ng'ombe.

Babu yake Baba alitoka Sudani na jeshi la Wazungu, bunduki begani, akaachwa Uganda kama viatu vilivyochakaa. Baba mwenyewe hakuvaa gwanda hata siku moja, lakini alilelewa kwa amri za babu huyo, na nyumba yetu aliiendesha kama kambi. Kinubi kilikuwa lugha ya Mama, Kisoga lugha ya kuchezea, na Kiswahili lugha ya Baba akiamrisha au akikasirika, yaani muda mwingi. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kilichokatwa viungo. Majirani waliokumbuka miaka ya utawala wa wanajeshi, wakimsikia anaongea uani, walifunga madirisha. Mimi nilikua nikidhani lugha hii ninayoiandika leo haina hata neno moja la kubembelezea mtoto. Nimeipenda ukubwani, na sikuipenda kirahisi.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mwenye nguvu mpishe. Na desturi yake ilikuwa ile tuliyoiita oda. Mtu akitaka kitu, kiatu, ruhusa ya kwenda harusini, chochote, alisimama barazani mbele ya kiti cha Baba, visigino pamoja, mikono ubavuni, akataja anachotaka. Baba akasema, "Sababu?" Ukatoa sababu. Ikimpendeza, umepata. Isipompendeza, alisema, "Hiyo hapana sababu," na kiboko kikashuka, nawe ukajibu, "Ndiyo, afande," ukaruhusiwa kutoa sababu nyingine. Ungeweza kuacha wakati wowote. Ndiyo maana hatukutaka vitu vingi.

Sasa nimlete dada yangu Zamzam. Tuliopona tulikuwa wawili tu, yeye mkubwa kwangu kwa umbali wa kutosha kunibeba mgongoni, na mimi, Kadogo wa nyumba. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mkaidi kwa namna ambayo hukuiona mpaka umejikwaa nayo. Kule shuleni alikuwa amemaliza Siniya ya sita, mwisho wa sekondari, na sifa zake zikafika hadi kwa mama mmoja wa Budondo aliyetuletea ndizi nyumbani kila wiki. Huyu mama aliweka kikapu chini, akajifuta jasho, akamwambia Mama kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Eh, bannange! Huyu mutoto yako najua kupiga hesabu! Naambiwa nakwenda chuo kikuu kupiga hesabu!"

Nilikuwa na umri wa kuota meno mapya. Neno "piga" nililijua vizuri kuliko jina langu. Kupiga lilikuwa neno la kiboko, la mwalimu, la askari. Lakini huyu Hesabu nilikuwa simjui. Nikakaa nikifikiri. Kumbe kuna mtu anaitwa Hesabu, na watu wanampiga, na wanaompiga sana wanasifiwa mpaka Budondo. Jioni nikamuuliza Mama akipepeta mchele: "Mama, Hesabu amekosa nini hata kila mtu anampiga?"

Mama hakuelewa niliulizalo, alikuwa na mawazo yake. Akanijibu tu kwa Kinubi, "Eh, hesabu ni ngumu, mwanangu."

Basi! Ikawa imenikaa sawasawa. Baba kabla hajanichapa huniambia, "Wewe kichwa ngumu." Hesabu naye ni mgumu, ndiyo maana anachapwa. Na huko Kampala kuna nyumba kubwa sana ambako watu wenye akili wanafundishwa kuwapiga wagumu wote, na dada yangu mwembamba anakwenda huko, na akirudi atakuwa anapiga kuliko mtu yeyote Jinja nzima. Nililala siku ile na furaha ambayo sijawahi kumweleza mtu. Nilimwona Baba amesimama visigino pamoja, na Zamzam amekaa kitini.

Habari zilikuja kweli kwamba serikali itamsomesha. Lakini habari nyingine zikaja nyuma yake zimepanda pikapu ya Ami Rajabu, mdogo wake Baba, aliyekuwa na duka la vipuri kule Mbale, eneo la viwanda. Ami alikuwa mtu wa kucheka, mwenye marashi mengi. Alimletea Zamzam mchumba: mfanyabiashara wa mahindi wa Busiu, aliyefiwa na mke, mtu wa dini, mwenye mashine yake ya kusaga. Ameshamwona msichana kwenye harusi na amempenda. "Kaka, samaki mkunje angali mbichi," Ami akasema, akinywa chai yetu. "Huyu ukimwacha aende Kampala atarudi anakusahihisha mbele za watu."

Baba alikuwa amekwisha kukubali nusu, ilionekana kwa jinsi alivyotikisa kichwa. Zamzam aliyekuwa akimwaga chai akaweka birika chini. Akavua kandambili zake, akaenda barazani, akaunganisha visigino.

"Baba," akasema, "naomba oda."

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, jua kali, uani hakuna upepo. Mama alisimama nyuma ya pazia la mlango. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni mwa kinu nikitwanga karanga, na hakuna aliyenifukuza. Baba alikwenda chumbani akarudi na kiboko chake, ngozi ya ng'ombe iliyosokotwa na kupakwa mafuta. Alikuwa akikitunza vizuri. Akakaa, na Ami akavuta kiti chake karibu kama mtu aliyeletewa sinema.

"Wewe nataka nini?"

"Nataka kwenda chuo kikuu kusoma hesabu."

"Sababu?"

"Mwenye digrii ya hesabu anapata kazi, Baba. Benki wanamtaka, bima wanamtaka, wenye viwanda wanamtaka."

"Mutoto ya Hajati hapo juu nasoma digrii. Leo naendesha boda-boda. Hiyo hapana sababu." Kiboko kikashuka. Nililiona gauni likiruka mgongoni.

"Ndiyo, afande. Walimu wangu wote wanasema nina kipaji."

"Mwalimu nazaa wewe? Hapana sababu."

"Ndiyo, afande." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda kidogo. "Hesabu inanyoosha akili, Baba. Inamfundisha mtu asirukie neno, aende hatua kwa hatua. Hata nikiolewa, hata nikikaa nyumbani, akili hiyo sitaiacha chuoni, nitawalea nayo watoto."

Ami akaguna. "Mama yako amekulea bila digrii, na mdomo umepata."

Baba akacheka kidogo, akachapa tena, na safari hii akapata shingo. Damu ikachirizika nyuma ya sikio, nyembamba, ikaingia kwenye kola. Zamzam hakuigusa. Mimi nilikuwa nimeacha kutwanga. Nilimchukia baba yangu wakati ule kwa moyo wote, na nilikuwa nikimwomba Mungu dada aache, akae chini, aolewe na mahindi yake. Hakuacha.

"Ndiyo, afande. Baba, kuna mirathi."

Baba akainua macho. Kwetu mirathi lilikuwa jambo zito, maana ukoo ulikuwa umegawanyika kwa sababu ya kiwanja cha babu, na Baba alikuwa hajamsamehe sheikh aliyekigawa.

"Mwanamke akifa," Zamzam akasema, "akaacha mume na dada zake wawili. Sheria inampa mume nusu, na dada wanapewa theluthi mbili. Ukijumlisha, mafungu yamezidi mali yenyewe. Sheikh asiyejua hesabu atafanya nini? Atamdhulumu mtu, na hatajua ni nani. Masheikh wa zamani, Baba, walisoma hesabu kwanza ndipo wakakaa kugawa. Nikisoma, katika ukoo huu hatadhulumiwa mtu tena."

Baba alikiacha kiboko hewani. Alikuwa anazigeuza nusu na theluthi kichwani, midomo ikicheza. Kisha akakiweka kiboko magotini. "Hiyo," akasema, "hiyo iko sababu."

Nilimsikia Mama akishusha pumzi nyuma ya pazia. Ami akafungua mdomo kusema kwamba mirathi hata masheikh wa Mbale wanafundisha, lakini Baba akamzuia kwa mkono. Akamtazama dada yangu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, karibu na fahari. Angesema tu, nenda, na hadithi yangu ingeishia hapo. Badala yake akauliza, labda kwa sababu alitaka kuisikia tena: "Hiyo ndio sababu yako?"

Na Zamzam, Mungu amsamehe, akainamisha kichwa.

"Ongea!"

"Baba, kwenye oda nidanganye?"

"Oda hapana uongo."

"Basi si hiyo." Akakaza visigino. "Ni kweli, lakini si hiyo. Baba, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa fimbo. Alimvunja mtoto jino. Siku moja akaandika jibu ubaoni, na halikuwa sahihi. Niliogopa, lakini nikaenda mbele, nikachukua chaki, nikaonyesha kwa nini. Fimbo alikuwa nayo mkononi. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akautazama tena ubao. Kisha akafuta jibu lake. Baba, hakupenda, lakini alifuta! Angeweza kuniua pale, na jibu lake lingebaki si sahihi. Ni mahali pekee duniani nilipoona mwenye fimbo ameshindwa na asiye na kitu. Nataka kwenda kukaa huko. Sababu yangu ndiyo hiyo."

Ami alikuwa ameacha kuchezea funguo zake. Baba alikuwa akimtazama dada yangu, na sijui, pengine kama tungemwacha afikiri angefika mahali. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwamba dada ananyimwa, na mimi nilikuwa na sababu nzuri kuliko zote, ambayo yeye kwa upumbavu wake alikuwa hajaitaja. Nikasimama na mchi mkononi, nikapiga kelele:

"Baba, mwache aende! Anakwenda kujifunza kupiga! Akirudi atakupiga wewe mpaka ukome!"

Ami Rajabu akaangua kicheko. Kilimtoka tu, hakukusudia. Lakini Baba alikuwa mtu wa kuvumilia jua, njaa na matusi ya wenye ng'ombe, kicheko hakukivumilia hata kidogo. Alinifikia kabla sijaangusha mchi. Kiboko kikanipata usoni, kikanipata mkononi, nikaanguka, kikaendelea. Nilisikia ladha ya chuma mdomoni, na jino lililokuwa likitikisika tangu Idi likawa halipo tena. Halafu kikaacha kushuka. Nilipofungua jicho niliona Zamzam amekishika. Alikuwa amekizungusha kwenye kiganja chake, mara mbili hivi, akakivuta, na kikatoka mkononi mwa Baba kikaruka uani.

Kitu hicho hakikuwahi kufanyika katika nyumba yetu. Baba aliutazama mkono wake mtupu. Kisha akainama akauokota mchi wa mvule uliokuwa miguuni pangu, akauinua. Zamzam akainua mkono wake wa kulia kujikinga kichwa, akajilaza juu yangu. Sauti ile sitaieleza. Nimewahi kusikia watu wanasema mfupa ukivunjika unalia kama kijiti kikavu. Si kweli, unalia kwa ndani, kama mtu anatafuna.

Akauinua tena mchi.

"Wacha!"

Ilikuwa sauti ya Mama. Mama ambaye hakuwahi kumjibu Baba isipokuwa kwa Kinubi, na kwa chini, alikuwa ametoka nyuma ya pazia, na alisema kwa Kiswahili, Kiswahili kile kile cha kambini, kifupi, kutoka tumboni. "Afande! Wacha! Tupa chini!"

Na Baba akatupa chini. Naapa kwa Mungu aliyeniumba, alitupa chini na visigino vyake vikakutana. Mwili ulitii kabla yeye mwenyewe hajajua ni nani aliyeamuru. Alipojua, uso wake ukawa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akakaa kwenye ngazi akageukia ukuta.

Mama hakumtazama tena. Alimfunga Zamzam mkono kwa kitenge, akanibeba, akamgeukia Ami Rajabu, ambaye marashi yake yalikuwa yamegeuka jasho. "Wewe ulileta mdomo wako hapa," akamwambia, sasa kwa Kinubi. "Gari lako litatupeleka. Kwanza hospitali, kisha Mbale kwa dada yangu." Ami alitupeleka. Njia nzima hakucheka wala hakuwasha redio.

Kwa Mama Mkubwa, dada yake Mama, palikuwa nyuma ya viwanda vya Mbale, mahali ambapo vumbi la mahindi lilitua juu ya majani ya migomba hadi yakawa meupe. Nyumba ilikuwa ndogo na haikuwa na oda. Nilikaa siku nyingi nikisubiri kuambiwa ni wapi pa kusimama. Zamzam alifungwa plasta kutoka vidoleni hadi kiwiko, na daktari akamwambia wazi kwamba vidole viwili havitakunjika tena. Akaanza kujifundisha kuandika kwa kushoto. Mama Mkubwa alikuwa akipita akiona, anashika kichwa: "Mkono wa chooni? Na vitabu vya watu? Astaghfirullah!" Zamzam anacheka, anaendelea na herufi zake zilizolala. Leo anafundisha chuo kikuu, na wanafunzi wake wanadhani alizaliwa hivyo.

Siku moja tulipewa ungo wa maharage tuchambue. Nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua. "Dada, ukienda huko, watakufundisha kupiga kwa mkono upi?"

Ndipo akajua. Nilimweleza yote, Hesabu na ugumu wake, na jinsi atakavyorudi. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu nikaona hacheki tena. "Kadogo wangu," akasema, "kupiga hesabu si kumpiga mtu. Ni maneno tu. Mimi sitampiga mtu yeyote."

"Hata Baba?"

"Hata Baba."

Nililia kilio cha msiba. Kipigo kile chote nilikuwa nimekibeba kwa tumaini kwamba kuna siku, na sasa naambiwa siku hiyo haipo, ni maneno tu! Nilimwambia kwamba amevunjwa mkono bure. Nilimwambia abaki basi aolewe Busiu. Aliniacha nikamaliza, akanisogezea ungo.

"Chota gao moja, kiasi cha kujaza kiganja. Yapange mawili mawili."

Nikapanga, huku makamasi yananitoka. Moja likabaki peke yake.

"Hiyo ni witiri. Kama sala ya witiri, unaijua. Chota gao jingine, uyapange, mpaka upate tena linalobaki peke yake." Nikapata. "Sasa changanya magao yote mawili. Hao wapweke wawili watafanyaje?"

Nikayatazama. "Wataoana."

"Kwa hiyo anabaki nani?"

"Habaki mtu."

"Hiyo ni shufwa. Witiri na witiri ni shufwa. Siku zote."

Sikuamini. Nilichota tena na tena, magao makubwa na madogo, nikachanganya na mawe, nikaenda uani nikachukua kokoto. Kila mara wale wapweke wawili walikutana. Mwisho nikamuuliza swali ambalo Baba alituuliza kila tulipoleta habari nyumbani, maana kwetu neno lilikuwa na uzito wa aliyelisema tu. "Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema," Zamzam akajibu. "Mungu kaiweka, na hakuiwekea askari wa kuilinda."

Baba alikuja siku ile ile Zamzam aliyotakiwa kuondoka. Sijui nani alimwambia. Mama na Mama Mkubwa walikuwa chumba cha nyuma wakimfungia begi, na mimi nilikuwa barazani na ungo wangu. Nikaona kivuli kwanza. Amevaa kanzu ya Ijumaa, amekonda, na kiboko amekikunja kwapani. Nilisimama mwenyewe, visigino vikakutana, mkojo ukanitoka ukashuka miguuni. Nilikuwa kati yake na mlango.

"Dada yako iko wapi?"

Kwenye oda hapana uongo. Na kweli nilikuwa siwezi kuisema. Nikatafuta kichwani kitu chochote ambacho si uongo wala hakionyeshi alipo dada, na kilichokuwepo kilikuwa kimoja tu.

"Baba, witiri na witiri ni shufwa."

"Nini?"

"Witiri na witiri ni shufwa."

"Nani nasema?"

"Hakuna mtu nasema, Baba. Iko tu."

Kofi likanipeleka ukutani. "Nani nasema!" Nikasimama tena. Sikuwa shujaa, nilikuwa sina jibu lingine. Ningekuwa nalo ningempa. "Hakuna mtu, Baba. Chota, utaona."

Sijui kwa nini alichota. Pengine kwa sababu hakuna neno lililowahi kuingia katika nyumba yake bila mwenye kulisema. Aliinama, akatia mkono wake mkubwa kwenye ungo, akapanga mawili mawili sakafuni kwa vidole vile safi, moja likabaki. Akachota tena, akapanga, likabaki. Akayachanganya. Hakubaki mtu. Akaguna, akakiweka kiboko chini apate mikono yote miwili, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akachota tena.

Zamzam akatoka mlangoni, begi chini ya mkono wa kushoto, plasta kifuani. Alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kukanyaga kanzu. Nimejiuliza miaka mingi kama Baba hakuzisikia zile kandambili, yeye aliyeweza kusikia pumzi ya ng'ombe ikibadilika. Zilipita nyuma yake, zikashuka ngazi, zikakatiza uani, na pikipiki iliyokuwa ikingoja kwenye migomba ikawashwa na kuondoka. Yeye hakuinua kichwa. Alikuwa anapanga mawili mawili, jasho likidondoka juu ya maharage, midomo ikicheza.

"Hii maharage mubovu," akasema. "Lete ingine."

Nikaingia ndani kumletea.